Bwana Makumbi na Ncha ya Ulimi

Usiku kucha Mama Pacha alitega sikio kwa jirani. Mbegu zake za mwisho za nyanya, alizoachiwa na marehemu mama yake, zilikuwa kwa jirani huyo, mzee muotesha miche, ambaye safari hii alikuwa ameacha udongo mweusi wa kinamasi na kuotesha kwa makumbi, yale maganda ya nyuzi ya nazi. Alimkumbuka, kabla hajazipanda, akiyaloweka, akiyakamua kwa mikono mikavu kama ufagio, kisha akionja maji yake kwa ncha ya ulimi, macho kayafumba.

"Chumvi ya makumbi bado ipo, Mama Pacha. Itaua mbegu. Inashinda hata mchuzi wa mke wangu."

"Nimesikia," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Leo utakula makumbi."

Akamwaga, akaloweka, akaonja tena. Jambo likimkubali tu ndipo mzee huimba, tena kwa pua. Akikumbuka hayo, Mama Pacha alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha hofu ikamrudia: mbegu za mama kumwachia mtu anayelamba makumbi!

Kulipopambazuka, wimbo wa puani ukasikika. Akatoka mbio, mguu mmoja kiatu chake, mwingine cha mumewe. Mlango wa banda ukafunguka. Mzee akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, mama. Ndiyo kwanza zimeamka."