Siku Niliyopigia Kelele Hita ya Baki

Kuna harufu tamutamu ya maji ya rejeta yanapoanza kupata joto. Ikinipitia puani, hata nikiwa kwenye maegesho ya kazini Sandton na viatu vyangu virefu, mimi huyo narudi La Rochelle, mtaa wetu wa zamani wa Johannesburg, kwenye ua wa nyumba tuliyopanga, mtoto wa miaka tisa mwenye mikono inayowasha kwa hamu ya kushika injini.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli ya kuhamishia watu vyombo. Jo'burg pikapu huitwa baki, na jina lile lililifaa sana la kwetu, maana asubuhi ya baridi magari yote mtaani yaliondoka, lenyewe likabaki. Aliyetuuzia alikuwa mkulima wa milimani ambako baridi haina mzaha, naye alikuwa ameliwekea hita: koili ndogo ya umeme iliyozama kwenye maji ndani ya bloku ya injini, na waya wenye plagi ukining'inia mbele, chini ya taa. Unaichomeka ukutani kabla ya kulala, asubuhi injini inaamka na joto lake. Shuleni hakuna aliyeniamini kwamba gari letu linachomekwa kama birika. Niliringa hivyo hivyo.

Basi hita ikafa, na ikachagua wiki ambayo Bibi, mama yake Baba, alikuwa kwetu kutoka Tanga. Redio ikatangaza kwamba theluji imeanguka milimani, upande wa Lesotho. Bibi alikuwa hajapata kuiona theluji maishani mwake, na basi la kumrudisha nyumbani lilikuwa linaondoka keshokutwa.

"Mke mwenzangu," aliniambia, akijifunga kanga juu ya sweta mbili, "mimi sirudi Tanga kuwasimulia watu theluji ya redioni. Mwambie baba yako alitibu gari lake."

Ilikuwa Jumamosi. Ama baki liwake kesho alfajiri, ama Bibi aondoke bila kuigusa theluji. Baba akamwita Papa Serafini, fundi Mkongo aliyepanga chumba cha nyuma. Papa akagusisha ncha za mita ya kupimia umeme kwenye meno ya plagi ya hita. Mita ikanyamaza kimya.

"Imekufa," alisema. "Kule ndani imekatika."

Wakamwaga maji ya rejeta kwenye beseni, ya kijani mpaka nikatamani kuyaonja, nikapigwa kofi la mkono kabla sijafika. Papa akalegeza bolti, akaichomoa hita kama anayeng'oa jino, ikatoka nyeusi na magamba. Akasugua tundu, akaupaka mafuta kidogo mpira wa hita mpya ambayo Baba alikuwa ameikimbilia dukani, akaisukuma ndani taratibu mpaka ikakaa. Mimi furaha ilinijaa, nikachukua plagi na kukimbilia ukutani.

"We mutoto! Usiweke umeme kwanza!" Papa alipiga kelele kutoka chini ya gari. "Kama maji haiko mule ndani, ile itaungua palepale!"

Maji yakajazwa, hewa ikatolewa, tukachungulia kama panavuja. Hapavuji. Ndipo Baba akanipa kazi kubwa kuliko zote: kusimama juu ya kreti la soda, kiganja changu kwenye bloku, na kusema nikisikia joto. Akachomeka.

Chuma kilikuwa baridi mpaka vidole viliuma. Nikangoja, meno yakigongana, Bibi akinikodolea macho kutoka dirishani. Kisha, polepole, kitu kikaanza kupanda kiganjani. Vuguvugu. Halafu joto la kweli! Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuokoteza, na neno lililonijia ni moja tu. Nikalipaza kwa pumzi zangu zote:

"Moto! Baba, moto! Motoooo!"

Ua wetu ulikuwa na Watanzania na Warundi. Milango ikafunguka, watu wakatoka na ndoo za maji, wakitafuta nyumba inayoungua. Na ng'ambo ya barabara, Gogo, bibi wa Kizulu aliyekuwa na spaza, kiduka cha mtaani, alisikia neno lilelile kwa lugha yake. Kizulu *imoto* ni gari. Mtoto anayelilia gari, La Rochelle, maana yake ni moja tu: linaibiwa. Akaja mbio na fimbo, nyuma yake wateja wake, vijana watano au sita, nao na fimbo zao.

Baba alinishusha kwenye kreti, akanisukuma nyuma yake kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulishika spana.

"*Iphi imoto? Aphi amasela?*" Gogo alifoka getini. Gari liko wapi? Wezi wako wapi?

Hapo Papa Serafini akaangua kicheko chini ya gari, Bibi akafuatia dirishani, na ndoo na fimbo zote zikacheka. Gogo akaweka kiganja kwenye bloku, akashtuka. "Eish! Gari la kupikia chai!"

Alfajiri baki liliwaka mara moja. Milimani Bibi alishika theluji, akailamba, akatangaza kwamba kumbe ni barafu ya friji tu iliyosagwa, kisha akalia. Akanijazisha ndoo nzima ya kumpelekea Gogo. Tulipofika nyumbani yalikuwa maji, lakini Baba aliyapeleka vilevile, mwenyewe, kwa mikono miwili, akakaa sana kwenye mlango wa spaza. Nilidhani anaomba radhi kwa kelele zangu.

Nilikuwa nimekua nilipoelewa kwa nini kulikuwa na siku ambazo hatukwenda shule, geti likafungwa kwa mnyororo, na tukakatazwa kusema Kiswahili barabarani: zilikuwa siku za makundi kuwasaka wageni kwa fimbo. Ndipo nikaukumbuka mkono wa Baba kifuani pangu, jinsi ulivyonibana nyuma yake kundi lile la fimbo lilipovuka barabara. Mimi niliona watu wanakuja kucheza nasi. Yeye aliona kile alichokuwa anakiogopa tangu siku aliyoshuka katika mji ule.

Na walikuwa wanakuja kutulindia gari.