Moto Mpya wa Mashine ya Baba

Sisi tuliosoma Garsen miaka ya tisini tunazijua nyasi kwa viganja vyetu. Ukichelewa shule, unapewa slasha ufyeke. Ukicheka mwalimu akipiga chafya, slasha. Na ukirudi nyumbani na malengelenge, mama hakukuuliza nani kakuonea. Alikuuliza umefanya nini, kisha akakuongezea kazi. Mtoto wa leo akifyeka hatua mbili, mzazi wake yuko getini na simu mkononi anarekodi. Haya. Sisi tulifyeka, tukaenda mtoni kuoga jicho moja likiwa kwa mamba, tukala ndizi za kuchemsha na kambare, na jioni tukacheza kati, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati, mpaka mpira wa matambara ukafumuka.

Kwetu tulikuwa na kitu ambacho nyumba nyingine hazikuwa nacho: mashine ya kukata nyasi. Zamani baba alikuwa mtunza bustani kule Hola, kwenye nyumba za wageni za mradi fulani wa kilimo, na wenyewe walipofunga virago walimwachia. Hata siku ile ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, injini yake ndogo ikinywa petroli iliyochanganywa na oili. Ikiwaka ilitoa moshi wa buluu na mlio kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Kwa mashine hiyo baba alikata nyasi za ofisi, za zahanati, na za uwanja wa mpira.

Rafiki yangu Guyo, mtoto wa wafugaji wa Kiorma, hakuchoka kutucheka. "Nyinyi mnanunua petroli ya kulisha chuma," alisema. "Ng'ombe wa baba anakula bure, na maziwa anatoa." Lakini uwanja uliokatwa na baba ulilala kama mkeka. Ng'ombe hawezi hilo, maana anachokula mbele anakiacha nyuma.

Kisha ikaja mvua ya El Niño. Mto Tana ukapanda, ukaingia mashambani, ukaingia majumbani. Tulihamia mahali pa juu kwa mtumbwi, kuku na masufuria mapajani. Maji yalipopungua, shamba la ndizi lilikuwa limekwenda, na mashine tuliikuta bandani imezama kwenye tope, mpini tu ndio unaonekana. Baba aliivuta kamba ya kuwashia mpaka bega likamvimba. Haikukohoa hata kidogo. Akaketi kwenye kigoda mlangoni, na tangu siku hiyo akawa haongei. Ukimwekea chakula anakula. Ukimsalimu anaitikia kwa kichwa.

Ndipo baba mdogo, ndugu yake aliyekuwa akiishi Malindi, akaja kututazama.

"Shemeji, Tana imewakataa," alimwambia mama. "Mwezi ukiisha nakuja na lori, mhamie kwangu wote."

Mama alikuwa akikamua nguo. "Wewe ulishahama. Sisi tuache."

"Mtakula nini hapa? Ndugu yangu ndiye huyo ameketi. Na hicho chuma bandani, wapeni watu wa skrepa."

"Chuma hicho," mama alisema, "ndicho kitakachotubakisha."

Mama hakujua lolote kuhusu injini. Mimi, nikiwa darasa la sita, nilijua kidogo kwa kumtazama baba. Tukaivuta mashine juani, tukaiosha tope, tukaikausha, tukaiwekea plagi nyingine. Moto hakuna. Tukalifungua gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini, mama akilinyanyua kwa bisibisi na mimi nikigonga kwa kipande cha mti. Chini yake tukazikuta platini, vile vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili plagi irushe cheche. Kutu ilikuwa imezila zimebaki unga.

Basi mama akaanza kutafuta platini. Maduka yote ya Garsen, hakuna. Akapanda hadi Hola, kwenye lundo la mitambo mibovu nyuma ya karakana ya ule mradi, akafukua vyuma siku nzima na leso imefungwa kiunoni. Mlinzi wa pale akamwambia, "Mama, hii mashine ni rika la babu yangu. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Kupumzika nitapumzika kaburini. Niambie pengine pa kutafuta."

Mlinzi akakuna kichwa, akasema injini zinazokunywa mafuta ya kuchanganya ziko Kipini, kule baharini, kwa watengenezaji wa maboti.

Tukaenda Kipini juu ya lori la mizigo, mashine imefungwa kamba, mimi nimekumbatia kuku wawili wa malipo. Tukamkuta Fundi Shee, kijana mwembamba mwenye mikono myeusi kwa grisi. Aliitazama injini, akatabasamu.

"Mamaangu, platini hizi hata ukizipata zitaoza tena. Kwenu unyevu, kwetu chumvi. Wacha niziondoe kabisa." Akatoa kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti, alichokichomoa kwenye msumeno wa injini uliokufa. "Hichi hakina cha kugusana wala cha kuliwa na kutu. Hufanya kazi ya platini kwa umeme mtupu."

"Na kikikataa?"

"Kikikataa, nakuregeshea kuku wako."

Akaukata waya wa platini, akaunga waya mmoja wa kidude kwenye koili inayozalisha umeme wa cheche, waya wa pili akaukaza kwenye mwili wa injini. Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Wavuvi waliokuwa wakingojea injini zao wakaanza kutazamana, mmoja akasema mwanamke huyu amebeba jeneza kutoka Garsen. Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakugeuza hata shingo.

"Ngoja," Fundi Shee akasema, "nyaya nimezigeuza." Akazibadilisha. Akachana kipande cha pakiti ya majani ya chai, akakipachika kati ya koili na gurudumu ili vikaribiane bila kugusana, akakaza, akakichomoa. Akavuta. Cheche ya buluu ikaruka kwenye plagi kwa mlio mkali.

"Rudia," mama akasema. "Nisije nikawa nimeota."

Tuliporudi, nyasi za uwanja zilikuwa zimefika kifuani na mechi za shule zilikuwa zinakaribia. Mama akamwendea mwenyekiti wa kamati ya uwanja kuomba ile kazi. Akajibiwa kwamba trekta linakuja kutoka Hola, na kwamba mashine iliyozama ikisukumwa na mwanamke si kitu cha kuonyesha wageni. Trekta likaja. Likazama kwenye ule udongo wetu mweusi, na likabaki hapo hapo.

Mama hakuomba mara ya pili. Alituita watoto wote na slasha zetu, Guyo akiwemo, tukaziteremsha nyasi mpaka magotini. Kisha akaileta mashine, akaiwasha, akaanza kusukuma mbele ya wanaume waliokuja kuvuta trekta. Alikwenda, akarudi. Katikati ya uwanja ikakohoa, ikazima. Kicheko kilichopigwa pale nakisikia hadi leo.

Mama akavuta kamba, akavuta tena, jasho limemlowesha mgongo. Ndipo nikamwona baba anapita nyuma ya goli, miguu mitupu, anakuja.

"Mmechanganya oili kiasi gani?" akauliza.

Hatukuwa tumeisikia sauti yake tangu mafuriko. Mama akaiachia kamba. "Kwa kukisia, kama wewe ulivyokuwa ukichanganya."

"Imezidi. Plagi imelowa." Akaifungua, akaipangusa kwa shati lake, akairudisha, akavuta kamba mara moja. Ikanguruma. Akainamisha kichwa kuisikiliza. "Huu mlio si wake."

"Ina moto mpya, baba," nikamwambia.

Akaushika mpini, akaondoka nayo akikata. Mama akaketi palepale kwenye nyasi, akajifunika uso kwa leso. Alisema ni moshi.

Baba mdogo alipofika na lori lake, alimkuta kaka yake uwanjani. Alimwita, akampungia mkono, akapiga honi. Baba hakuizima mashine. Lori likarudi Malindi tupu, na sisi tukabaki.

Mashine ile ilitusomesha mpaka bati lake likaoza, na injini ilikuwa bado inawaka. Leo uwanja haunuki tena petroli na nyasi mbichi, na sijui kama kuna anayeikumbuka harufu hiyo. Mafuriko bado yanakuja, na kila yakija hakosekani mtu mwenye viatu visafi wa kutuambia tuhame. Wanangu wenyewe, feni ikikwama, wanainua macho kutoka kwenye simu na kuniita kwa Sheng yao: "Mathe, hiyo imekufa, agiza ingine." Nawaambia waniletee bisibisi. Wanacheka. Wacheke. Sisi tulilelewa na watu ambao kitu kikifa walikifungua kwanza, ndipo waamini. Na mara nyingi hakikuwa kimekufa.