Buibui wa Trei la Mayai

Mimi nimechimba dhahabu Sekenke, nimejenga nyumba tatu bila kumaliza darasa la nne. Hakuna cha kunishtua. Juzi binti yangu alirudi kutoka chekechea na buibui waliyemtengeneza kwa trei la mayai.

“Baba, mguu umeng'oka. Mshone.”

Nikanusa tena moshi wa jikoni kwetu Misigiri, alasiri ile ya utotoni mdogo wangu Neema alipojikata mguu kwa shoka. Mama alibandika utando wa buibui kwenye jeraha kuzuia damu, kama tulivyozoea, akakimbilia msaada.

“Mshikilie, mwanangu!”

Nilidhani buibui mwenyewe angeshuka amalizie kushona. Nilimwita, nikambembeleza, damu ikinipita vidoleni. Neema tulimzika kesho yake.

Juzi sindano ilinishinda. Nilimpelekea fundi cherehani yule buibui. Akashona kwa shilingi mia tano.