Tulivyomsindikiza Binti Yetu Vitani

Mwaka ule, vita vilipokuwa bado vya watu wengine, Texas ilikuwa na amani ya usingizini. Mimi ni muuguzi wa wazee. Nilikuwa nikitoka zamu asubuhi, naendesha gari kutoka Dallas kurudi nyumbani Grand Prairie, na redio inaniambia kwamba nchi hii haimo, inatazama tu. Jua lilikuwa likichomoza nyuma ya maghala na kila kitu kikawa rangi ya chai ya maziwa. Niliamini. Mtu aliyechoka huamini chochote akiambiwa kwa sauti ya upole.

Lakini nyumbani kwangu vita vilikuwa vimeshaanza. Binti yetu alijiunga na jeshi la akiba bila kumwambia baba yake. Baba yake, dereva wa malori, aliposikia alisema, "Sawa," kisha akaacha kabisa kuongea naye. Wakenya wenzangu wanaijua hiyo sawa. Mimi nikatangaza kwamba sina upande. Nilipika, nikapakua, nikabeba maneno yao kutoka sebuleni hadi chumbani kama tarishi.

"Mwambie mtoto wako apunguze huo muziki."

"Mum, mwambie Dad nimesikia," binti alijibu kwa Kiingereza chake.

Nilichoka, wacha tu. Niliogopa kwamba nikimchagua mmoja nitampoteza mwingine, basi nikanyamaza, na huo unyamavu nikauita busara.

Kisha redio ikaanza kubadilisha lugha. Mwanzo tulikuwa tunatazama, halafu tukawa tunasaidia marafiki, halafu tunapeleka silaha tu, si watu. Bendera zikachipuka mtaani kwetu, hata kwa jirani ambaye hajawahi kupanda ua. Kazini televisheni ilionyesha manowari bila sauti, na wazee wangu waliitazama huku wakingoja kiamshakinywa. Bibi mmoja alinishika mkono akaniuliza kama mwanawe ameshatoka vitani. Mwanawe alizikwa zamani. Nilimwambia yuko njiani, kisha nikaenda kujifungia kwenye chumba cha mashuka nikalia.

Binti yetu alipoitwa vitani, baba yake alikuwa Houston na mzigo. Nikampigia simu.

"Anaondoka Jumamosi asubuhi."

Nilisikia indiketa ya lori ikigonga.

"Haya," akasema, akakata.

Hasira zikanipanda. Nikapiga tena. "Sikiliza, baba watoto. Kuanzia leo nina upande. Usipokuja kumuaga mtoto wako, usinitafute jikoni."

Sasa, sisi Wakenya hatujui kusindikiza mtu kidogo. Familia nyingine zilifika kambini kila moja na gari lake, zikakumbatiana polepole. Sisi tulikuja kanisa zima. Magari yaliongozana kutoka kanisani kwetu Cedar Hill yakiwa yamewasha taa za dharura, na ndani mlikuwa na chupa za chai, chapati, akina mama wamejifunga leso, na mchungaji na kipaza sauti chake. Askari wa langoni aliuliza kama kuna harusi. Tukaimba. Ukungu ulikuwa umelala chini, nyimbo zetu zikaelea ndani yake, na wanajeshi tusiowajua wakala chapati wakiwa wamesimama, wakitabasamu kama watoto. Kwa muda nikasahau kilichotuleta. Binti yangu alijifanya anaona aibu, lakini macho yake yalikuwa barabarani, na mimi nilijua anamtafuta nani.

Wanajeshi wakaambiwa wapande basi. Barabara ilikuwa tupu. Akapanda.

Ndipo kichwa cha lori kikatokea kwenye ukungu, hakina trela. Baba yake akashuka, akapita katikati yetu bila kumsalimia mtu, akagonga mlango wa basi. Ukafunguliwa. Binti akateremka taratibu, kama mtu asiyeamini anachokiona.

Hakumkumbatia. Alimshika mikono, akaifungua, akamtemea mate kidogo viganjani, vile mama yake mzazi alivyomfanyia yeye siku alipoondoka kwao kuja Marekani. Kwao hiyo ndiyo baraka ya mzazi. Sajini aliyesimama kando hakujua. Alirudi nyuma akamtazama mchungaji, na mchungaji akamwashiria kwamba ni sawa.

"Urudi," baba akamwambia binti yake. "Bado nimekukasirikia."

"Nitarudi, Baba," akajibu, kwa Kiswahili, yeye anayetujibu Kiingereza tangu chekechea. Akafumba viganja vyake, akapanda basi akiwa amevifumba hivyo hivyo.

Hajarudi bado. Hutuma ujumbe anapoweza, na baba yake huusoma akiwa amesimama. Nikimuuliza kama ameshamsamehe, husema bado, atamsamehe akiingia mlangoni. Simsukumi. Naogopa siku atakayoniambia amemsamehe, ilhali binti yetu hajafika.