Kuku wa Wageni wa Nangila

Kwa Roselyne Nangila, pale nje kidogo ya Misikhu, kuku ni wa aina mbili: kuku wake na kuku wa wageni. Wake huchinjwa jambo lolote likizuka. Wa wageni hawaguswi, hata Krismasi, hata jogoo akizeeka mpaka asahau saa ya kuwika. Shemeji yake Hesbon, anayekaa boma la pili, husema hajawahi kuona kuku waliostaafu na pensheni kamili isipokuwa hao.

Mambo yalianza kanisa lao lilipoanza kupokea vijana wamishonari kutoka nchi za nje. Siku hizi huja wawiliwawili, hushukia kanisa kubwa la Kitale, hufundishwa salamu na Kiswahili cha kuombea maji ya kunywa, kisha hugawanywa kwenye vituo vya Bungoma. Wa kwanza kufika Misikhu alikuwa Mateus, kijana wa Brazili, mrefu wa kuinama kila mlangoni. Wakati huo Nangila alikuwa ameshafiwa na mumewe, watoto wakubwa wameshaoa na kuolewa, amebaki na kitinda mimba wake, Emmy. Hakuna aliyemtuma. Aliamua tu kwamba mtoto wa mtu hawezi kufika mtaani kwao akalala njaa na yeye yupo, akaenda kanisani, akabeba begi la Mateus kichwani, akamwambia amfuate.

Sheria zake zilikuwa zile za wazee: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mateus alicheka alipoambiwa, akidhani ni mzaha. Siku ya tatu alijikuta katikati ya mahindi, Emmy akimwonyesha lipi ni gugu na lipi ni chakula.

Na kwa Wabukusu, watu wa Nangila, mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu, hufungiwa kuku mzima wa kwenda naye. Muda wa Mateus ulipokwisha, Nangila alimfunga miguu tembe mmoja mzuri, akamkabidhi mbele ya watu. Mateus alimpakata yule kuku kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga asiye wake. Mchungaji Kipkoech, aliyetoka Kitale kuja kumchukua kijana, akaeleza kwa upole kwamba huko uwanja wa ndege hawatamruhusu kupita naye. Nangila akajibu kwamba kuku akishatolewa harudishwi, ni wa Mateus, na atakaa pale mpaka mwenyewe amfuate. Vifaranga vya yule tembe vikawa vya Mateus pia. Ikawa desturi. Kila aliyeondoka aliacha kuku wake, na kila mgeni mpya alipofika Nangila alikwenda sokoni kununua kitoweo, huku kuku chungu nzima wakimkwaza miguuni.

Baadaye kanisa likaanza kutuma vijana wa hapahapa kwenda kutumika ng'ambo, na Nangila akapata kazi nyingine ambayo pia hakuna aliyempa: kuwakaza moyo akina mama wa vijana hao. Siku ya kuaga alipita kati yao akiwaambia machozi yabaki nyumbani, mtoto anayesafiri anataka kuona uso mkavu. Walimtii. Wengine walinung'unika kwamba ni rahisi kusema.

Mwaka huu jina lililosomwa likawa la Emmy. Ufilipino. Vigelegele vikapigwa, na Nangila akapiga chake kwa nguvu kuliko wote. Alipofika nyumbani ugali wake aliwamwagia kuku. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliogopa, tena aliogopa sana. Hakuogopa ndege wala magonjwa. Aliwahi kuwasikia wale vijana wakipiga simu kwao baada ya kukaa naye muda mrefu, wakitafuta maneno ya lugha ya mama zao na kuyakosa. Aliogopa kwamba Emmy angerudi akibisha hodi, akingoja kuonyeshwa kiti.

Basi wiki iliyofuata alikwenda Kitale kumwambia Mchungaji Kipkoech alifute jina la binti yake. Sababu alikuwa nazo mkononi: magoti yanamsumbua, na shamba halijipalilii. Alipofika aliambiwa mchungaji yuko kikaoni, angoje jikoni.

Huko jikoni, kwenye benchi, alikuwa ameketi msichana mnene wa uso wa kitoto, mbele yake sahani ya ugali na sukuma wiki iliyokwisha kupoa. Akina mama wa jikoni walimnong'oneza Nangila kwamba huyo anaitwa Salote, ametoka visiwa vya Tonga, na tangu afike ni kulia tu. Walidhani hapendi chakula.

Nangila hakuuliza habari za chakula. Alileta maji, akamnawisha mikono, akaketi karibu naye, akakata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota mboga, akala. Salote akaiga. La kwanza lilimponyoka. La tatu likafika mdomoni. Ndipo, kwa Kiswahili chake cha kupapasa kilichochanganywa na Kiingereza, akaeleza kwamba kwao mtoto akisafiri huchinjwa nguruwe, ukoo mzima hulia na kuimba, na watu wote walilia isipokuwa mtu mmoja.

"Mama yangu hakulia," akasema. "Mimi nafikiria kila siku. Kwa nini hakulia?"

Nangila aliitazama sahani. Ni yeye aliyewakausha macho mama wangapi wa Bungoma, na hata siku moja hakuwahi kumuuliza mtoto ameondoka na nini moyoni.

"Alilia," akamwambia. "Wewe ndio haukuona."

Mchungaji Kipkoech alipotoka kikaoni akamkuta bado ameketi pale, akamuuliza ni jambo gani lililomleta kutoka mbali vile. Nangila akasimama, magoti na yote, akasema amekuja kuomba huyu msichana apangwe Misikhu. La Emmy hakuligusa. Alikuwa ameshakata shauri: mtoto wake ataondoka, na ataondoka vizuri.

Asubuhi ya safari, Emmy akiwa ameshavaa na kuchana nywele, mama yake alimwambia akamalizie mstari wa maharagwe aliouacha jana. Hesbon, aliyekuja kubeba sanduku, aliuliza kama hata polisi wangemfanyia mtu hivyo. Nangila akamwambia sanduku haliko shambani. Emmy akakunja gauni, akalima, akanawa miguu, akaegemeza jembe lake kwenye ukuta wa ghala pale linapokaa siku zote.

Kwenye kanisa la Kitale watu walikuwa wengi, na akina mama waliokaushwa machozi miaka iliyopita walikuja wote. Ni wazi kwamba walitaka kuona. Nyimbo zilipokwisha na sala ikafungwa, Emmy akamtazama mama yake mikononi.

"Mama, na kuku yangu? Kila mtu unampatianga."

"Kuku ni ya mgeni," Nangila akasema. "Nikikupatia kuku, nitakuwa nimekufukuza kwetu."

Mama yake akamshika kwa mabega yote mawili, uso mkavu kama alivyowafundisha wengine, ila sauti ilikuwa si ile ya siku zote.

"Na mimi nitalia, Emmy. Si hapa. Nitalia nyumbani. Uende ukijua hivyo."

Gari lililowachukua vijana lilipotoka getini Nangila alipunga mkono mpaka likapotea. Alitimiza neno lake jioni ileile, ndani ya banda la kuku, leso mdomoni. Hesbon alikuwa akija kumjulia hali. Alisikia, akakohoa kwa nguvu, akarudi kwake.

Salote aliletwa Misikhu pamoja na mwenzake. Siku mbili walikaa wakaletewa chai, ndizi na kuku wa kununua. Ya tatu, kabla hajaambiwa, Salote alitoka nje amejifunga leso kiunoni, tayari kwa kazi aliyokwisha kuonywa juu yake. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa ghala, akashika jembe lililokuwa pale, lenye udongo wa maharagwe uliokaukia kwenye chuma chake.

"Hiyo wacha," Nangila akamwambia. "Iko na mwenyewe. Chukua yangu."

Wakaenda shambani. Siku hiyo Nangila alipiga magoti yake mabovu chini, akang'oa magugu kwa mkono.