Asubuhi Mama Mkwe Aliponitukana

Mwanangu, wewe unayekuwa mama sasa, ningali naikumbuka asubuhi ile ya mvua huko Kasungami, nikiwa nimeketi kitandani na mapacha wangu. Kyungu, aliyetangulia, alinyonya kwa pupa. Kabange, mdogo wake, alizaliwa mwepesi kama kifaranga. Kila nilipomweka kifuani alilegea, na maziwa niliyomkamulia kwenye kijiko yalizidi kupungua. Baba yao alikuwa ameachishwa kazi mgodini. Muuguzi alikuwa amenieleza wazi kwamba mtoto asiponyonya hatadumu, nami nilikuwa nimeacha hata kumtazama usoni, nikiogopa kuizoea sura itakayoniacha.

Ndipo mama mkwe akafika kutoka Lukafu, kitenge kimelowa. Siku zote nilimwinamishia macho, kama inavyompasa mkamwana. Lakini kwa watu wa mume wangu, nyumba iliyopata mapacha haiingiwi kwa salamu. Huingiwa kwa matusi ya mzaha, na mama wa mapacha hana budi kujibu. Akinyamaza, watoto hudhani hawakupokewa.

Alisimama mlangoni akipiga makofi.

“Weye! Bantu banazala mutoto moya, weye unazala babili sawa mbuzi! Na ule bwana yako mwenye miguu sawa ya kuku, alitoa wapi nguvu?”

Nilinyamaza. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii niliona midomo yake ikitetemeka. Alikuwa akiogopa kama mimi.

“Mama,” nikasema, “ile miguu ya kuku, miye niliikuta vile. Ni weye njo uliizala!”

Alicheka hata akaushika ukuta, nami nikacheka, mwili mzima ukitikisika, machozi yakinitiririka. Katika mtikisiko huo maziwa yakanibubujika, yakamlowesha Kabange mdomo. Nikasikia kisauti kidogo sana: alikuwa akimeza.

Mama mkwe akapiga magoti kando yangu.

“Usiache kucheka, mama,” akaninong'oneza. “Iko nanyonya.”

Sikuambii kwamba kicheko ni dawa, mwanangu. Siku hiyohiyo tulirudi kwa muuguzi, na kijiko tulikitumia majuma mengi kabla Kabange hajapata nguvu zake. Lakini nilistaajabu, na hadi leo nastaajabu, kwamba mwili uliochoka kiasi kile ulikuwa umeficha furaha mahali nisipopajua.

Kwa hiyo, mambo yatakapokubana, usiwafungie mlango wanaokuja kukuchekesha ukidhani hawaoni shida yako. Wanaiona, pengine inawauma kuliko wanavyoonyesha. Wajibu, hata kwa sauti iliyokauka. Na mtoto wako mtazame usoni, hasa siku unayoogopa kumtazama.

Mungu akujalie maziwa, usingizi, na watu wenye ulimi mkali wa kukupenda. Watoto wako waishi, wakue, wakusumbue hadi uzeeni.