Bastola Niliyoisugua Kama Sufuria

Nakumbuka mwaka ule kwa tumbo, maana tarehe hazikai kichwani mwangu. Ni mwaka ambao Wabelgiji waliambiwa kuku wao wamelishwa sumu. Mayai yakaondolewa madukani, na sisi wa Matonge, mtaa wa Waafrika huku kwao, tukala makayabo asubuhi na makayabo jioni, mpaka nguo zikanuka samaki wa chumvi. Baraka, mjukuu wangu, mama yako alikuwa na miaka kumi na miwili. Alilia akitaka yai. Nikamwambia anywe chai, yai litarudi.

Mwanangu, Jumapili uliniomba jambo huku umeinamia sahani ya sombe, kisamvu cha kwetu, hukuthubutu kunitazama. Unasomea kuchora nakshi kwenye chuma, na kila mtu kanisani anajua, kwa sababu nimewaambia wote, na waliosahau nimewaambia tena. Kazi yako ya mwisho wa mwaka ni kuandika habari za bastola moja ya zamani. Bastola hiyo naijua kuliko walimu wako. Umeniomba nikuache uandike kwamba sababu ya mng'aro wake haijulikani. Bon, sawa. Nitakujibu, lakini kwanza kaa chini. Na kijana mwingine atakayesoma hapa akae naye. Shule niliishia darasa la nne, ila masikio yangu hayajaacha kusoma.

Mwaka ule nilikuwa nafanya usafi kwa mzee mmoja wa mtaa wa Etterbeek, Monsieur Lucien, mjane, fundi saa aliyestaafu. Nilishuka barabara ya Chaussée de Wavre kwa miguu kila asubuhi. Siku ya kwanza aliponionyesha bastola zake nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Mimi nilitoka Bukavu nikikimbia watu wenye bunduki. Nikamwambia wazi kwamba choo nitaosha, madirisha nitaosha, hizo sizitaki. Hakucheka. Alizirudisha kwenye sanduku la chuma, na tangu siku ile alitoa moja tu kwa wakati, tupu, bila risasi, akailaza kwenye kitambaa cha kijani mezani. Alinipa sharti moja: meza ile nisiiguse.

Nikipiga pasi, yeye anasimulia. Kiwanda hutoa bastola kwa maelfu, zote ndugu mapacha. Lakini zamani kilikuwa na chumba cha mafundi wachache waliotengeneza moja moja, kwa oda ya mtu fulani, na kuichora kwa patasi nyembamba kama sindano. Hizo ndizo alizotafuta, za aina ile inayojipakia risasi yenyewe, na ambazo pacha wake hayupo duniani. Kuipata ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kujua ilitengenezewa nani, ikapita mikono ipi. Aliandika barua, alisoma namba kwa kioo cha fundi saa, alipanda treni kwenda kunywa kahawa na wajane wa mafundi.

Sikuzipenda. Bunduki ni bunduki, hata ukiivalisha hereni. Lakini mkono wa fundi niliuona, siwezi kusema sikuuona.

Moja ilimla miaka kumi na moja. Ilichorwa masuke ya ngano, suke juu ya suke, mpaka kwenye mpini. Aliyemuuzia alimwapia kwamba ilikuwa ya jenerali, na ngano ni alama ya ushindi. Monsieur Lucien akaamini, akaiandika hivyo kwenye jarida la wenzake wanaokusanya bastola. Baadaye akampata binti wa fundi aliyeichora, bibi kizee, ambaye alikuwa ametunza karatasi za baba yake. Mchoraji akimaliza kazi alipaka nakshi moshi wa mshumaa na kuigandamiza kwenye karatasi, ibaki nakala. Masuke yalikuwepo, na pembeni jina la mwenye oda: mwanamke mwenye duka la mikate. Mume wake alikuwa amekufa, naye aliogopa wezi. Donc, kumbe jenerali alikuwa muoka mikate! Mzee aliona haya mwaka mzima, akaandika tena kwenye jarida lile lile kwamba alikosea.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwetu mwanamke anajulikana kwa sufuria zake. Mama yangu alizisugua kwa mchanga na majivu, akazianika uani ziwake kama jua, na jirani mwenye sufuria nyeusi alisemwa mpaka wajukuu wake. Siku moja mzee alikwenda kung'olewa jino. Bastola ya ngano ilikuwa mezani, rangi yake buluu iliyokolea, na kwenye kona imegeuka kahawia. Mimi nikaona kutu. Nikajisema: huyu mzee ananilipa vizuri, na kitu chake anachokipenda ni kichafu hivi? Nikachukua sufu ya chuma na dawa ya sufuria. Nilisugua nikiimba. Ilipong'aa nikailaza pale pale, nikangoja sifa.

Alirudi shavu limevimba. Akasimama mbele ya meza bila kuvua koti. Akaniuliza kimeipata nini. Nilipouona uso wake nilielewa, na mdomo ukakimbia mbele yangu. Nikasema ilikuwa hivyo hivyo, Monsieur, mimi sijaigusa.

Ujue kilichokuwa hatarini siku ile. Mkataba wangu wa kazi na mzee ndio uliokuwa kwenye faili la karatasi zangu za ukaazi. Akinifukuza, faili linabaki tupu, na mimi na mama yako tunarudi kuhesabiwa na wasio na mahali.

Hakupaza sauti. Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama kucha zangu. Zilikuwa nyeusi. Rangi ya chuma ilikuwa imekaa chini ya kila kucha.

"Madame Furaha," akasema, "ile kahawia ilikuwa mikono ya watu walioishika kwa miaka sitini, nawe umeifuta. Sawa, hukujua. Lakini sasa unataka kuufuta hata mkono wako mwenyewe?"

Nikalia. Nikamwambia nimesugua kwa sababu nilitaka afurahi. Akakaa, shavu mkononi. Akaniambia jenerali wa uongo alimwibia miaka kumi na moja, kwa neno moja la muuzaji. "Chuma hakisemi," akasema. "Aliyekishika ndiye wa kukisemea. Akidanganya huyo, mimi nafanya kazi gani humu?"

Akafungua daftari la bastola ile, akanipa kalamu. Kifaransa cha kuandika sikuwa nacho. Nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa zilizopinda: MIMI FURAHA NIMESUGUA KWA SUFU YA CHUMA NA DAWA YA SUFURIA. Akaweka tarehe na sahihi yake chini. Halafu akaniuliza kama ipo supu, maana hawezi kutafuna. Hakunifukuza. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tulikunywa supu.

Nilikaa naye miaka tisa zaidi, na mwishowe akatupa vyumba viwili vya chini ya nyumba yake, mimi na mama yako. Alipokufa akaja mpwa wake, bwana wa viatu vizuri na haraka nyingi. Alikuwa na mnunuzi wa bastola ya ngano. Mnunuzi angeitaka zaidi kama mng'aro ule ungekuwa wa tangu kiwandani, namna ya pekee ya fundi. Ukurasa wangu ungechanwa. Mimi ningetia sahihi tu kwamba nilipoanza kazi niliikuta inang'aa. Akasema kwa upole kwamba mtu mwenye msaada hana haja ya kuhama vyumba vyake.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, wewe tumboni. Nilizitazama kucha zangu. Zilikuwa safi, na bado niliona nyeusi.

Nikamwambia: "Hapana, Monsieur. Niliisugua mimi, na nitasema niliisugua mimi."

Mwisho wa mwezi tulikuwa tumehamia Molenbeek, ghorofa ya nne, bila lifti, karibu na mfereji. Wewe ulizaliwa pale, na ngazi zile ndizo zilizokupa miguu hiyo. Mpwa aliuza bila kuchana, kwa sababu alijua nipo na nina mdomo. Na ndiyo maana wewe, miaka yote hii baadaye, umeikuta kwenye kabati la kioo la makumbusho pamoja na daftari lake, ukawasomea na kuwatafsiria wenzako herufi zangu zilizopinda, wakacheka, masikio yako yakawaka moto. Najua. Yangu yaliwaka kabla yako.

Mwanangu, mkono utakosea. Wako utateleza, patasi itakwaruza mahali pasipotakiwa, na kitu cha mtu kitaharibika. Siku hiyo sema upesi, kabla hujaulizwa, na uandike jina lako mwenyewe. Usiandike "haijulikani" juu ya jambo unalolijua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na anayekuja nyuma yako atakula miaka kumi na moja akimtafuta jenerali asiyekuwepo. Anayekucheka leo kwa sababu ya bibi msugua sufuria, kesho ataliamini kila neno uliloandika. Huo ndio urithi nilio nao. Sina nyumba.

Mungu akupe mkono mtulivu na mdomo usiokimbia. Akupe macho marefu kama ya yule mzee, na mke anayejua kupika sombe, maana mimi sitaishi milele. Uchore vitu vizuri zaidi ya bunduki. Chora saa, chora visu vya mkate.

Na kuhusu lile ombi la Jumapili, jibu langu unalijua, nakuandikia kama nilivyolisema mara ya kwanza: Hapana, Monsieur. Niliisugua mimi, na nitasema niliisugua mimi.